Kiwanda Chenye Njaa Katika Nchi ya Ng'ombe



Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30. Hata hivyo historia ya viwanda vyetu vya nyama, tangu kile kikubwa cha Kawe kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940, kwa sehemu kubwa ni historia ya viwanda vilivyokufa njaa. Mashine zilikuwepo, vyumba vya baridi vilikuwepo, watu waliajiriwa. Ng'ombe ndio hawakuja. Nimeombwa nizungumzie uratibu katika mnyororo wa nyama, yaani jinsi mfugaji, dalali, msafirishaji, mchinjaji na mwenye bucha wanavyofungamana au wanavyoshindwa kufungamana. Nitaanzia Kawe, maana somo la pale tulikwisha kulilipia kwa fedha nyingi, na kila nikisikia kiwanda kipya kinazinduliwa napata hofu kwamba tunajiandaa kulilipia tena.

Tanganyika Packers ilikuwa ubia. Serikali ya kikoloni ilishika asilimia 51 ya hisa, na asilimia 49 zilikuwa za Liebig, kampuni ya Uingereza iliyokuwa na jina kubwa tayari kwa nyama yake ya makopo kutoka Fray Bentos, Uruguay. Mpango wao ulikuwa huu: ng'ombe wa Usukumani na wa kanda ya kati, wadogo, wakondefu, wasiofaa kwa steki ya hotelini, waletwe Dar es Salaam, wapikwe, watiwe makoponi, wapelekwe Uingereza. Liebig walilijua soko la huko vizuri sana. Kwa hiyo upande mmoja wa mnyororo, ule wa mlaji, ulikuwa umekazwa barabara. Upande wa pili, wa mfugaji, haukufungwa na kitu chochote isipokuwa matumaini kwamba ng'ombe wa bei ya chini hawataisha.

Baada ya uhuru tulijaribu kuukaza upande huo kwa nguvu ya dola. Mwaka 1974 iliundwa mamlaka ya mifugo iliyojulikana kwa kifupi LIDA, na chini yake zikapangwa kampuni za umma kama ndugu wa tumbo moja: moja ya ranchi za kukuza ng'ombe, moja ya kununua mifugo minadani, na Tanganyika Packers ya kuchinja na kusindika. Ukiangalia karatasi, huo ni mnyororo kamili. Mmiliki ni mmoja kuanzia nyasi za ranchi ya Kongwa hadi kopo la Kawe. Wataalamu wa leo wanaofundisha muunganiko wa wima wasingeweza kuuchora vizuri zaidi.

Lakini ng'ombe wengi wa nchi hii hawakuwa wa ranchi. Walikuwa wa wazee kama hawa waliokaa mbele yangu, nao waliuzwa mnadani. Kampuni ya umma ilifika mnadani na bei iliyopangwa ofisini. Pembeni yake alisimama mchuuzi na fedha mkononi na bei ya siku ile. Mzee wa Meatu au wa Monduli alimuuzia mchuuzi, au akaswaga ng'ombe wake kuvuka mpaka kwenda Kenya. Basi kampuni ya kununua ikakosa cha kununua, kiwanda kikakosa cha kuchinja, na madeni yakapanda kutoka kampuni moja hadi nyingine kwa njia ileile ambayo ng'ombe walitarajiwa kupita. Shinyanga, katikati kabisa ya nchi ya ng'ombe, kilijengwa kiwanda kingine katika miaka ya 1970, kikakaa miaka mingi bila kuchinja. Leo ukimwambia dereva wa bodaboda akupeleke Tanganyika Packers, atakupeleka kwenye uwanja wa mikutano ya injili na ya siasa.

Tulimiliki vipande vyote vya mnyororo na havikushikana. Kuna kitu kingine kinachoshikanisha, na kukiona inabidi twende mahali ambapo nyama inafika kwa mlaji kila siku bila kiwanda.

Nendeni kwenye machinjio ya Vingunguti, Dar es Salaam, usiku. Ng'ombe waliouzwa kwenye mnada wa Pugu wanachinjwa wakati mji umelala, na kabla jua halijachomoza nyama imekwisha kupakiwa kwenda Mbagala, Tandika, Manzese na Kimara. Aliyemnunua ng'ombe mnadani mara nyingi ndiye anayemchinjisha: analipa ada ya machinjio, analipa mchunaji, anangoja mhuri wa mkaguzi. Nyama anaigawa kwa wenye mabucha kwa mali kauli. Hakuna hati, hakuna wakili. Mwenye bucha atauza mchana, na jioni au kesho yake atalipa. Asipolipa, jina lake limekwisha kufika kila kona ya machinjio kabla ya usiku unaofuata. Wakati huohuo kichwa kimepata mwenyewe. Utumbo umechukuliwa na wauza supu. Makongoro yanakwenda yatakakochemshwa hadi alfajiri. Maini, figo, mapafu, mkia, kila kimoja kina mnunuzi wake aliyesimama na ndoo au beseni. Ngozi imekwisha kutiwa chumvi. Kwa muda wa siku moja hivi ng'ombe mzima amegeuka fedha, kuanzia pembe hadi kwato, na hakuna hata yuniti moja ya umeme iliyotumika kumpoza.

Kiwanda cha kusafirisha nje hakiwezi kufanya hivyo. Nyama lazima ilale kwenye baridi kabla haijakatwa. Mnunuzi wa Doha au Dubai anataka mzoga safi au vipande alivyovitaja, hataki makongoro. Kiwanda kikijengwa mbali na wala supu, utumbo unageuka taka ya kulipia kuiondoa. Basi kiwanda na mchuuzi wakisimama mbele ya ng'ombe mmoja pale mnadani, mchuuzi anaweza kuongeza bei na bado akapata faida, kwa sababu yeye ana soko la ng'ombe mzima. Nimesoma michanganuo kadhaa ya miradi ya machinjio ya kisasa ambamo ukurasa mzima umepewa mashine ya kufungashia na mstari mmoja tu umepewa utumbo. Mradi wa namna hiyo umeshindwa kabla ya jiwe la msingi kuwekwa.

Wataalamu wengi wakifika Vingunguti wanaona uchafu na kelele, wanaandika kwamba mnyororo hauna uratibu. Mimi naona uratibu mkubwa mno. Mji wenye watu mamilioni unalishwa nyama mbichi kila asubuhi, na anayetoa na anayepokea wanajuana kwa sura na sauti. Wenye kuuendesha mfumo huo tuwape heshima yao. Kasoro zake zipo, na zinaumiza. Lakini tusipoelewa kwanza unachofanya vizuri, hatutaweza kuugusa bila kuuharibu.

Sasa kasoro. Anzeni mnadani, iwe Mhunze, Kizota au Pugu penyewe. Dalali anamzunguka ng'ombe, anamshika nundu, anamminya kwenye paja, anarudi nyuma hatua mbili, kisha anataja bei. Uzito umekadiriwa kwa macho. Macho ya dalali aliyefanya kazi hiyo tangu ujana wake hukosea kidogo sana; ya mfugaji anayeuza mara chache kwa mwaka hukosea zaidi, na tofauti hiyo ya macho ndiyo sehemu ya faida. Mizani ya mifugo imefungwa katika baadhi ya minada yetu, na mara nyingi imesimama bila kazi. Tusiseme haraka kwamba ni ukaidi. Mchuuzi anajua kuwa ng'ombe aliyenyweshwa asubuhi ya mnada amebeba tumboni maji ambayo hayatafika buchani, na lita 30 za maji ni kilo 30. Mfugaji naye hajui nani aliirekebisha ile mizani mara ya mwisho. Pande zote mbili zinaona ni heri kubishana kwa macho kuliko kuamini chuma ambacho hakina mwenyewe.

Athari yake inakwenda mbali kuliko bei ya siku moja. Mahali ambapo kilo hazipimwi, anayemlisha ng'ombe vizuri miezi mitatu na anayemtoa porini jana wanakaribiana bei. Ng'ombe wetu wa asili, ambaye mzoga wake huwa na kilo 100 na kitu, anaweza kuongezeka sana akipewa mashudu ya pamba, pumba na molasisi. Kanda ya Ziwa wapo watu wanaofanya unenepeshaji huo kwa bidii, kwa sababu mashudu yanatoka kwenye vinu vya pamba vya hukohuko. Lakini wengi wao huuza kwa mnunuzi wanayemjua, siyo kwa mnada, kwa kuwa mnada hauwezi kuwalipa kwa kile walichokiongeza.

Kisha safari. Hapa naomba mnivumilie niingie ndani ya msuli, maana jambo lenyewe halionekani kwa nje. Msuli wa ng'ombe aliyepumzika una akiba ya sukari. Akichinjwa, sukari hiyo hugeuka asidi taratibu, na baada ya siku moja hivi pH ya nyama huteremka hadi karibu 5.5. Asidi hiyo ndiyo inayoipa nyama wekundu wa kung'aa, na ndiyo inayozuia bakteria wasiivamie upesi. Ng'ombe aliyesimama kwenye fuso mchana na usiku bila maji, akikanyagwa na wenzake, akipigwa kila anapolala chini, amekwisha kuiteketeza akiba yake kabla ya kisu. Asidi haitengenezwi. pH inabaki juu ya 6, nyama inakuwa nyeusi, kavu, yenye kunata mkononi, na inaharibika haraka hata ikiwa ndani ya baridi.

Buchani Manzese nyama hiyo itauzwa na kuliwa siku ileile, na mlaji atalalamika tu kwamba leo ni ngumu. Ikiwa ni ya kwenda nje, inaweza kukataliwa. Sasa ulizeni nani analipia ule usiku wa kwenye fuso. Dereva amelipwa kwa safari. Mchuuzi amenunua kwa kichwa na atauza kabla nyama haijabadilika. Mfugaji alilipwa juzi na yuko nyumbani. Kila mmoja amefanya kazi yake kwa uaminifu, na nyama imeharibika katikati yao. Hili ndilo ninaloliita pengo la uratibu: hasara isiyokuwa na mwenyewe.

Ngozi ni vivyo hivyo. Mfugaji huchoma chapa ubavuni au mgongoni, mahali panapoonekana kwa mbali, na mahali hapo ndipo ngozi ilipo bora kuliko sehemu zote. Angeweza kuichoma shavuni au chini mguuni. Lakini ngozi hailipwi peke yake mnadani. Anayeleta ngozi nzuri hapati senti zaidi ya anayeitia makovu. Na maini pia. Mkaguzi anakata ini, anakuta minyoo, analitupa, kama ilivyo wajibu wake. Hasara inamwangukia mchuuzi usiku ule. Mfugaji ambaye ng'ombe wake wote wanakunywa kwenye bwawa lilelile lenye konokono wanaobeba minyoo hatapata habari kamwe. Taarifa ya thamani kubwa kwake inafia sakafuni machinjioni, na mwaka kesho ng'ombe wengine wa boma lile watapita mlango uleule na maini yaleyale.

Majirani zetu wa Kenya walipita njia inayofanana na yetu. Kenya Meat Commission iliundwa mwaka 1950, makao yake Athi River. Ng'ombe wa kaskazini walinunuliwa na idara ya serikali, wakawekwa kwenye maeneo ya karantini, kisha wakateremshwa kiwandani. Ilisimama miongo kadhaa, ikaporomoka katika miaka ya 1990, ikafunguliwa tena mwaka 2006, na mwaka 2020 ikahamishiwa Wizara ya Ulinzi. Katika historia hiyo ndefu malalamiko ya wafugaji yanayojirudia zaidi ni ya kucheleweshewa fedha. Niseme kitu hapa kwa wenzangu tuliosoma uhasibu: mfugaji hauzi ng'ombe kwa sababu ng'ombe amefikia uzito. Anauza kwa sababu ada ya Januari imefika, au kuna msiba, au mahindi yamekwisha ghalani. Fedha ikija baada ya siku 60, tayari amekopa kwa mwenye duka na ng'ombe mwingine amekwisha kuwekwa rehani kwa mdomo. Mchuuzi anayempa pungufu leo amemsaidia kuliko kiwanda kinachomwahidi nyingi baadaye.

Na kuna majira. Kiangazi kikali kila mtu anataka kuuza. Mvua zikinyesha hakuna anayetaka. Kiwanda kinahitaji idadi ileile kila wiki ili kilipe mishahara na umeme. Katika ukame wa mwaka 2009 serikali ya Kenya iliitumia Athi River kununua mifugo iliyokuwa ikifa malishoni, na wanyama wakafika kwa wingi kuliko kiwanda kilivyoweza kupokea, wengine wakiwa wamedhoofu kiasi cha kufia njiani na langoni. Miezi michache baadaye, nyasi zikiota, kiwanda hichohicho kinatafuta ng'ombe. Anayeweza kuliziba pengo hilo ni mnenepeshaji, yule wa mashudu niliyemtaja, anayenunua wakondefu wakati wa wingi na kuwatoa wakati wa uhaba. Hana jengo la kuzinduliwa wala utepe wa kukatwa, kwa hiyo hatumwoni.

Sasa tuvuke bahari kidogo. Mwaka 1887 Ujerumani ilifunga mlango kwa nguruwe hai kutoka Denmark. Wakulima wa huko walikuwa wakitegemea soko hilo. Mwaka huohuo, katika mji wa Horsens, wakulima walifungua machinjio yao ya ushirika, wageuze nguruwe kuwa bekoni ya kuuza Uingereza. Angalieni walianza na nini. Wanachama walitia saini kwamba kwa muda wa miaka iliyotajwa kila nguruwe wao atakwenda kwenye machinjio yao wenyewe, hata kama mchuuzi wa barabarani anatoa bei nzuri zaidi siku hiyo. Saini hizo ndizo zilizompa mkopeshaji imani ya kutoa fedha za ujenzi: nguruwe walikuwepo kwa ahadi kabla ya majengo kuwepo kwa matofali. Malipo yalikuja mara mbili, kwanza kwa uzito na ubora siku ya kupeleka, kisha mwisho wa mwaka sehemu ya ziada kwa kadiri ya kilo ulizoleta. Mtu aliyekwisha kupata malipo ya pili ana sababu ya kutomkimbilia mchuuzi.

Na taarifa ilirudi. Kuanzia mwaka 1907 Denmark ilikuwa na vituo vya kupima wazazi wa nguruwe kwa kuangalia watoto wao wanakua vipi na wanatoa bekoni ya namna gani. Alichokipenda mlaji wa Uingereza asubuhi mezani kwake kilifika hadi kwenye zizi la mkulima wa Jutland, kikabadilisha umbo la nguruwe mwenyewe.

Kuna mtu atasema: wale ni Wadenishi. Ni kweli, na tuseme kwa usahihi walikuwa na nini. Hawakuamka asubuhi moja wakiaminiana. Miaka mitano kabla, mwaka 1882, kijiji cha Hjedding kilianzisha kiwanda cha maziwa cha ushirika, na vingine vikaenea haraka. Wakulima walikuwa wamekwisha kuzoea kupimiwa maziwa, kulipwa kwa kipimo, na kukagua hesabu zao wenyewe. Tena maziwa yaliyoondolewa mafuta ya siagi yalirudi nyumbani kulisha nguruwe. Ushirika wa nyama ulipandwa juu ya ushirika mwingine uliokuwa umekwisha kushika mizizi. Sisi tuna vyama vya msingi vya pamba Usukumani, vingine vimeumizwa na viongozi wao, vingine viko hai. Wanachama wake ndio wenye ng'ombe. Sijui ni kwa nini tunapowaza nyama tunasahau kwamba mtu huyo amekwisha kujua kupimiwa pamba.

Kuna muunganiko mwingine ambao nauonea mashaka, ingawa ndio unaosifiwa zaidi kwa tija. Katika miaka ya 1930 mfanyabiashara wa Gainesville, jimbo la Georgia, aitwaye Jesse Jewell, alianza kuwapa wakulima vifaranga na chakula kwa mkopo, kisha akawanunulia kuku waliokua. Kutokana na mbegu hiyo ukakua mfumo unaozalisha karibu kuku wote wa nyama wa Marekani leo. Kampuni inamiliki vifaranga, chakula, daktari, lori, machinjio na nembo. Mkulima anamiliki banda, na deni la banda. Mara nyingi analipwa kwa kushindanishwa na majirani zake: aliyetumia chakula kidogo kwa kila kilo anapata zaidi, na nyongeza hiyo inakatwa kwa aliyeshika mkia, hata kama vifaranga aliopelekewa walikuwa dhaifu tangu mwanzo. Mnyororo huo umeratibiwa hadi dakika. Lakini mtu aliye kwenye ncha yake hana kauli juu ya chochote. Wawekezaji wanaotaka kuuleta hapa kwa ng'ombe wajue pia kwamba hautashika. Kuku wa nyama anakomaa kwa wiki tano au sita, na gharama yake kubwa ni chakula cha gunia. Mwenye gunia ndiye mwenye kuku. Ng'ombe wetu anachukua miaka minne au mitano, anakula nyasi za kijiji, na katika miaka hiyo yote yeye ni benki, ni mahari, ni maziwa ya watoto.

Marekani hiyohiyo ina somo jingine ambalo nalipenda zaidi. Mwanzoni mwa karne iliyopita kampuni tano za kuchinja, zikiwemo Swift na Armour, zilishika biashara ya nyama pamoja na minada yenyewe na mabehewa ya baridi. Mfugaji alifika sokoni na kukuta mnunuzi ndiye mwenye soko. Mwaka 1921 Bunge lao likatunga sheria ya kusimamia wachinjaji na minada, ikigusa mambo ya mizani na ushindani wa haki. Kisha mwaka 1975 kampuni moja kubwa, American Beef Packers, ikafilisika ikiwa na deni la zaidi ya dola milioni 20 kwa wafugaji waliokwisha kukabidhi ng'ombe. Mwaka uliofuata sheria ikarekebishwa: anayenunua ng'ombe wa kuchinja lazima alipe kabla ya mwisho wa siku ya kazi inayofuata. Nchi yenye viwanda vikubwa vya nyama kuliko karibu nchi zote duniani iliona kwamba mfugaji hawezi kuachwa angoje. Hapo serikali haikununua hata ndama mmoja. Ilisimama kwenye mizani na kwenye siku ya malipo, ikawaachia wengine biashara.

Botswana inatuonyesha upande wa taarifa. Tume yao ya nyama, yenye kiwanda kikuu Lobatse, iliuza Ulaya kwa miongo mingi, na Ulaya ilipoanza kudai ijulikane kila ng'ombe ametoka wapi, nchi ile ikaweka vidonge vyenye namba za kielektroniki ndani ya matumbo ya ng'ombe. Hata hivyo mwaka 2011 walilazimika kusimamisha kwa muda kuuza Ulaya kwa sababu ya dosari katika mfumo huohuo wa utambuzi. Kuweka namba ni kazi ya siku moja. Kuitunza kila ng'ombe anapouzwa, anapohama au anapokufa ni kazi ya kila siku. Sisi tulitunga sheria ya utambuzi wa mifugo mwaka 2010. Zoezi la kuwavika ng'ombe hereni za utambuzi lilipoanza lilikutana na malalamiko juu ya gharama na ubora wa hereni hizo, na mwaka 2022 likasimamishwa. Nilisikia viongozi wakisema wafugaji hawana elimu. Mimi ningesema hereni ile ilimdai mfugaji fedha na haikumrudishia kitu. Kama kwa namba ileile angepata ujumbe kwenye simu kwamba ini la ng'ombe wake lilikuwa na minyoo, na mzoga ulitoa kilo ngapi, angeidai hereni mwenyewe.

Niseme basi ningefanya nini kama ningepewa nafasi, nikianza na kidogo.

Nisingejenga kiwanda kwanza. Ningechagua mnada mmoja wa upili wenye ng'ombe wa kutosha na ulio karibu na mashudu. Ningeweka pale mizani ambayo funguo zake zinashikwa na watu wawili, mmoja wa wafugaji na mmoja wa wachuuzi, na ukaguzi wa Wakala wa Vipimo ubandikwe ukutani na tarehe yake. Ng'ombe wafike jioni, walale zizini bila maji ya kupindukia, wapimwe asubuhi wote kwa hali moja. Ugomvi wa matumbo ya maji utaisha. Bei ya Pugu ya juzi iandikwe kwa kilo ubaoni, kwa herufi zinazosomeka kutoka nje ya uzio. Fedha iingie kwenye simu ya mfugaji kabla ng'ombe hajapandishwa kwenye fuso, na dereva alipwe sehemu ya nauli yake baada ya ng'ombe kushuka upande wa pili wakiwa wamesimama kwa miguu yao.

Kisha ningekaa na vikundi vya wanenepeshaji na kiwanda kimoja kati ya vile tulivyo navyo sasa, vinavyochinja chini ya uwezo wao. Mkataba usiwe wa miaka mingi kama wa Wadenishi. Uwe wa msimu mmoja, wenye idadi ya ng'ombe kwa wiki na malipo ya pili mwishoni. Kikundi kisifunge ng'ombe wake wote, maana mzee anahitaji kubaki na wa kuuza siku ya msiba. Wauza supu na wanunuzi wa ngozi waitwe kwenye kikao hicho tangu siku ya kwanza, wakae meza moja na wahandisi, kwa sababu bei atakayoweza kulipa kiwanda inategemea wao. Na mkaguzi wa nyama apewe kazi moja zaidi: kila kiungo anachokitupa kiandikwe pamoja na namba ya ng'ombe, na taarifa irudi kijijini ndani ya wiki ileile, bure.

Bodi ya Nyama, iliyotokana na sheria ya mwaka 2006, ina mamlaka ya kusimamia jambo kama hili. Halmashauri zina ushuru wa minada wa kulipia mizani na zizi la kulala. Na mradi huo usipimwe kwa tani wala kwa picha za uzinduzi. Zihesabiwe namba za simu za wafugaji waliouza kwa mizani msimu wa kwanza, kisha tuangalie ni ngapi kati yake zimeonekana tena kwenye daftari la msimu wa pili.

Wazee wangu mna la kusema, nami nimekaa kuwasikiliza.